Kabla ya Koti: Nilivyojiandaa Kwenda Kufundisha Kiswahili Marekani

Tangu nirudi nyumbani Makorora, hapa Tanga, vijana waliomaliza ualimu hunijia kuuliza habari za safari, na karibu wote huanza na baridi. Koti gani? Viatu gani? Soksi za sufu zinapatikana wapi? Hilo nalijibu upesi ili tulimalize: koti nunua huko huko. Mjomba wangu alininunulia moja mnadani, la mitumba, zito hasa, na nilipofika Ohio nikaligeuza ndani, nikakuta lebo ya duka ambalo tawi lake liko mtaa wa pili kutoka nilikopanga. Koti lilikuja Tanga, likanisubiri, nami nikalirudisha kwao.

Kilichonitoa jasho miezi ile ya maandalizi kilikuwa maandishi. Nimelelewa katika nyumba ambamo kila mtu anayajua mambo yake bila kuyaandika. Jina lako ni lile unaloitwa, umri wako ni wa vita fulani au mafuriko fulani, kwenu ni pale nyuma ya msikiti, na lugha yako huisomi, unaisema tu. Ukitaka kwenda kufundisha nchi ya watu, vyote hivyo vinadaiwa karatasini, kwa herufi zilezile kila mahali, na hujui ni vingapi havijaandikwa mpaka mtu akuulize.

Niseme kwanza nilikwendaje. Nilikuwa nimemaliza shahada ya ualimu, masomo yangu Kiswahili na Kiingereza. Ajira za serikali zilikuwa hazijatufikia sisi wa mwaka ule, nami nikawa najitolea katika sekondari moja ya kata. Ndipo nikaambiwa habari za Fulbright. Mpango huo wa Marekani ni wa tangu 1946, na ndani yake mna programu ya wasaidizi wa kufundisha lugha, inayojulikana kwa herufi FLTA. Inawachukua walimu vijana wenye shahada, wa umri wa miaka 21 hadi 29, inawapeleka katika vyuo vikuu kwa mwaka mmoja wa masomo wakafundishe lugha yao, na wao wenyewe wanasoma kozi mbili kila muhula. Maombi hufanywa mtandaoni. Kwa mwalimu mpya huu ni mlango adimu, maana viza ya walimu wa kubadilishana wanaokwenda kufundisha katika shule za kawaida kule inataka uwe umeshafundisha angalau miaka miwili. Mimi sikuwa nayo. Nilikuwa na barua ya kujitolea na alama za BTP, yale mazoezi ya kufundisha ya chuoni, basi.

Usaili nilifanyiwa, nikapita. Sitaurefusha. Waliniuliza ningefundishaje salamu bila kutumia Kiingereza, nikainuka kitini nikawaamkia.

Sasa majina. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Mwanahamis. Vyeti vya NECTA, Baraza la Mitihani, vinasema Mwanahamisi, na herufi ya mwisho ipo. Nani aliipunguza au nani aliiongeza hatutajua. Karani mmoja aliandika alivyosikia na mwalimu mmoja akaandika anavyotamka, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyejali, kwa sababu nikiitwa, naitika. Lakini pasipoti inafuata cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, barua ya chuo inafuata cheti cha shahada, na tiketi ya ndege inafuata pasipoti. Herufi moja tu, na nyaraka zangu zikawa za watu wawili.

Dawa yake ni hati ya kuthibitisha majina, ile ambayo mawakili wanaiita dipoli. Wakili anaiandika, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, halafu ndiyo inayokuwa shahidi kwamba Mwanahamis na Mwanahamisi ni mtu mmoja. Siyo ghali sana ila inataka muda, na muda ndio usionao barua ikishafika. Ushauri wangu kwa mwalimu yeyote mwenye ndoto ya kutoka ni huu: kabla hujaomba chochote, tandaza vyeti vyako vyote mkekani, cha kuzaliwa, cha darasa la saba kama unacho, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo na kitambulisho cha taifa, usome jina herufi kwa herufi. Usisome kama unavyosoma jina lako. Soma kama unasahihisha imla ya mtoto wa darasa la pili.

Na hapo bado hujaulizwa habari za wazazi. Ofisi ya uhamiaji inataka cheti cha kuzaliwa cha mzazi, au kiapo kama cheti hakipo. Mama yangu hana cheti. Ukimuuliza alizaliwa lini, anakwambia, "Vita vya Amini vikianza." Kwake hiyo ni tarehe kamili, na kwa kweli inakaribia kuwa hivyo: majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Mjomba, kaka yake mkubwa, ndiye aliyekwenda kula kiapo. Alirudi amechoka na amekasirika kidogo. "Yaani mwanangu, mimi na ndevu hizi nakwenda kumwapia hakimu kwamba dada yangu alizaliwa? Na yeye nimemwacha nyumbani anapika?"

Pasipoti yenyewe, hii ya kielektroniki iliyozinduliwa Januari 2018, inalipiwa shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Ukiwa na karatasi zako kamili haina usumbufu mkubwa.

Anwani ilinishangaza. Fomu ya viza inataka namba ya nyumba na mtaa. Bahati nzuri nilijaza baada ya ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, walipopita mitaani kabla ya sensa wakigonga vibao vya namba milangoni, na sisi tukicheka kwamba postamasta mwenyewe atatafuta msikiti kwanza. Kibao kile ndicho kilichonipa cha kuandika. Fomu hiyohiyo inauliza pia majina unayotumia katika mitandao ya kijamii kwa miaka mitano iliyopita, kwa hiyo kama una akaunti ya zamani yenye jina la utani, lijue kabla hujakaa kuijaza.

Halafu kuna mpangilio wa majina matatu, ambao hautibiwi na wakili yeyote. Sisi tunaandika jina lako, la baba, la babu. Wao wanalichukua la mwisho kuwa jina la ukoo na ndilo wanalokuitia katika kila ofisi. Mwaka mzima nimeitwa kwa jina la babu yangu, mvuvi wa Tongoni ambaye hakuwahi kuvuka Pangani. Benki, zahanati, maktaba: babu, babu, babu. Jambo la kufanya ni moja: amua mapema jina gani linakaa wapi, uliandike hivyohivyo katika kila fomu bila kujaribu kuwaelimisha makarani.

Kwenye ubalozi sikukaa muda mrefu. Nililala kwa shangazi Mwananyamala, maana ukitoka Tanga alfajiri kwa basi hufiki Dar mapema. Zipo kama kilomita 350 na Segera lazima watu washuke wanunue machungwa. Simu nilimwachia binti wa shangazi, kwa kuwa haziingii ndani. Picha nilipiga hapa hapa Ngamiani, na mpiga picha alilazimika kutafuta rula, kwa sababu wanataka mraba wa sentimita 5 kwa 5, mandhari nyeupe, bila miwani. Hijabu inaruhusiwa kama unaivaa kila siku kwa ajili ya dini na uso unaonekana wote. Watu wawili walikuwa wameniapia kwamba nitaambiwa niivue. Sikuambiwa.

Swali lao kubwa ni kama utarudi. Viza hii, J-1, kwa sisi wa Fulbright inakuja na sharti: ukimaliza, unarudi kwenu ukae jumla ya miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu au viza fulani za kazi kule. Wengine wanalichukulia sharti hilo kama kifungo. Mimi lilinisaidia kujibu. Nilisema nitarudi kwa sababu nimeahidi, na kwa sababu mkataba wenyewe unataka nirudi.

Kuhusu afya, mshukuruni mama aliyetunza kadi ya kliniki. Chuo kilitaka kuthibitishiwa chanjo, na wa kwanza kukumbuka kwamba kuna karatasi alikuwa mama, aliyeitoa chini ya sanduku la kanga, ikiwa imekunjwa mara nne, uzito wangu wa miezi tisa ukiwa umeandikwa kwa kalamu ya bluu. Ilikuwa na surua, polio, pepopunda, BCG. Haikutosha. Wao wanataka dozi mbili za chanjo moja inayokinga surua, matubwitubwi na rubela kwa pamoja, na sisi tuliozaliwa miaka ile tulichanjwa surua peke yake. Rubela iliingizwa katika chanjo za watoto nchini mwaka 2014. Hizo nilidungwa nilipofika. Lakini ile BCG, chanjo ya kifua kikuu, lile kovu la mkononi tulilo nalo karibu sote, ndiyo ya kuangalia. Kule hawawachanji watoto wao BCG kwa kawaida, na wakikupima kifua kikuu kwa kipimo cha ngozi, kovu lako linaweza kukifanya kivimbe bila wewe kuwa na ugonjwa. Omba kipimo cha damu. Kipo, na hakidanganywi na BCG. Mwenzangu mmoja kutoka nchi jirani hakulijua hilo, akafanyiwa kipimo cha ngozi, kikavimba, akazungushwa kwa eksirei na barua wiki yake ya kwanza yote, wakati wenzake wakitafuta vyumba.

Meno na macho tibu kabla hujaondoka. Bima ya programu ni ya maradhi na ajali. Jino linalokusumbua tangu chuoni, hilo ni lako.

Haya yote, kusema kweli, mtu mwangalifu atayamaliza kwa kukaa foleni. Kazi iliyonibadilisha ilikuwa nyingine.

Nilipopata barua, nilikwenda kumwamkia mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili anayekaa Chumbageni. Nilimpelekea halua. Akaipokea, akaiweka kando, akaniuliza, "Binti, kisu kiko wapi?"

Nikatazama mezani. "Kipo hapa, mwalimu."

"Mimi nimesema kiko. Wewe umesema kipo. Kwa nini?"

Nikamwambia ndivyo tunavyosema.

"Hilo ni jibu la mteja," akasema. "Wewe unakwenda kuwa muuzaji."

Nilikuwa na shahada. Nilikuwa nimesoma fonolojia na mofolojia, na naweza kukuchorea mti wa sentensi hadi ukutani. Lakini shahada yangu ilinifundisha kumfundisha mtu anayekijua Kiswahili tayari. Watoto wa sekondari ya kata ninaowasomesha ngeli wanazitumia barabara tangu wanyonye. Mimi nawapa majina ya vitu wanavyovimiliki. Anayekuja darasani akiwa hana hata neno moja anataka kitu kingine kabisa. Atataka kujua kwamba "-ko" ni mahali usipopajua au usipopataja hasa, "-po" ni mahali mahsusi unapopaonyesha, na "-mo" ni ndani. Na atataka ajue hivyo siku ya kwanza atakayotafuta choo.

Yule mwalimu alinipa daftari na agizo. Kila jambo ninalolisema kwa kujua bila kujua kwa nini, niliandike, halafu nitafute sababu. Nilianza nikidhani nitajaza kurasa chache. Kwa nini "mtoto wangu amekuja" lakini "kaka yangu amekuja"? Kaka ni mtu, kitenzi kimekubali kwamba ni mtu, ila "yangu" imebaki kule kwenye ngeli ya umbo lake. Rafiki yangu, shangazi yangu, ndugu yangu, bibi yangu. Kisha mbwa, ambaye umbo lake ni lilelile, tunasema mbwa wangu. Nimeishi na sentensi hizi maisha yangu yote na sikuwahi kuona kwamba zinagombana. Kwa nini "amelala" ni mtu aliye usingizini sasa hivi, wakati "amekula" ni mtu aliyekwisha kumaliza? Kwa nini nikisema "nimefika jana" bibi ananitazama vibaya? Nyumbani wakanichoka. Tukiwa tunakula, mdogo wangu akisema neno mimi naacha tonge naandika. Mama akasema sasa imekuwa kama tunakaa na polisi.

Nilihitaji pia mtu wa kujaribia. Raskazone kulikuwa na kijana wa Kijerumani aliyekuja kujitolea katika mradi mmoja, Kiswahili chake kikiwa "jambo" na "asante sana". Tukakubaliana: yeye asiseme Kijerumani, mimi nisiseme Kiingereza. Walimu wa lugha wa Marekani wana shirika lao, ACTFL, linalopendekeza kwamba angalau asilimia 90 ya muda wa darasa itumike katika lugha inayofundishwa, na nilijua nitapimwa kwa kipimo hicho. Nikamchukua hadi Deep Sea, samaki wanapoletwa asubuhi. Pale namba hazihitaji ubao. Mchuuzi anasema elfu nane, unamwambia tano, mnakutana sita na nusu, na pweza yuko mbele yenu akishuhudia. Kijana akajifunza "ghali", "punguza", "huyu si mbichi", na tusi moja ambalo sikumfundisha mimi.

Nilichojifunza mimi ni kunyamaza. Sisi walimu tuliozoea darasa la wanafunzi themanini na zaidi tunasema sana. Lazima, ukinyamaza darasa linakutoka. Kumbe mbele ya mwanafunzi mmoja anayetafuta neno, kila sekunde ninayoijaza kwa sauti yangu namnyang'anya. Nilianza kuhesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kumsaidia mtu. Mazoezi hayo ndiyo yaliyonifaa kuliko semina yoyote, maana darasa nililolikuta Ohio lilikuwa na watu tisa, na kimya cha watu tisa kinasikika.

Kuna swali jingine ambalo heri nilijibu mapema: Kiswahili kipi? Mimi ni mtu wa pwani ya Tanga, bibi yangu anasema Kimtang'ata, na nimekua nikiamini, kama tunavyoamini wote wa mwambao, kwamba sisi ndio wenyewe. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na kamati iliyokisanifisha ilianza kazi 1930, wakati wa Waingereza. Kwa hiyo hata kile ninachokiita sahihi ni uamuzi wa watu waliokaa mezani. Hili nililisoma chuoni kama historia tu. Uzito wake niliuona baadaye. Katika wale tisa walikuwemo wawili ambao wazazi wao ni wakimbizi kutoka Kongo. Ohio ina Wakongo wengi. Wanakisema Kiswahili cha kwao kwa kasi, kina maneno ya Kifaransa ndani yake, na upatanisho wa ngeli wakati mwingine unakwenda njia yake. Wenzao walikuwa wakiwaonea wivu. Wao walikuwa wakiona haya, kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, aliwaambia kwamba wanachokisema si Kiswahili.

Nashukuru kwamba yule mwalimu wa Chumbageni alikuwa ameniagiza nisikilize redio za Kongo na vijana wa Nairobi kabla sijaondoka. Alisema, "Usiende kule kuwa mlinzi wa mlango." Nikawapa wale wawili kazi ya kuandika jinsi mama zao wanavyosema jambo fulani na jinsi kitabu kinavyosema, safu mbili, bila kalamu nyekundu. Ndiyo karatasi nzuri kuliko zote nilizozipokea mwaka ule, na bado nadhani kitabu kilishindwa katika sentensi kadhaa.

Desturi za darasani nazo nilizisoma kabla, na zipo ambazo mwalimu wetu lazima azijue. Huku tunabandika matokeo ubaoni, wa kwanza mpaka wa mwisho, mzazi anakuja kusoma kwa kidole. Kule ipo sheria ya mwaka 1974 inayoitwa FERPA. Alama za mwanafunzi wa chuo ni zake. Humtajii mwenzake, na hata baba yake akipiga simu humwambii bila idhini ya mwanafunzi mwenyewe. Huku muhtasari wa somo unatoka Taasisi ya Elimu, wewe unaandika azimio la kazi na andalio la somo. Kule muhtasari unauandika wewe, unawagawia siku ya kwanza, na wanaushika kama mkataba: ukiandika jaribio litakuwa wiki ya tano, usilete wiki ya nne. Niliondoka Tanga na azimio la kazi la muhula mzima. Msimamizi wangu alilisoma, akalisifu, akakata nusu. Hapo nilikuwa nimejiandaa kukatwa, kwa hiyo haikuniuma.

Wanafunzi wanakuita kwa jina lako la kwanza. Nilikuwa na miaka 23, wengine wakinizidi. Nikawafundisha "shikamoo mwalimu" mapema kabisa, kama somo la utamaduni, na sikuona sababu ya kuwaambia kwamba lina faida nyingine.

Begi sasa. Mashirika mengi huruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kwa safari ya namna hiyo, na familia yangu ilikuwa na mawazo ya kilo mia. Mimi nilitaka zana za kufundishia: kanga zenye majina yanayosomeka, bao, mkeka, kawa, na mbuzi ya kukunia nazi, ambayo kwa sababu ya meno yake inakwenda kwenye begi la chini, usiithubutu mkononi. Mama alitaka chakula. Matunda, mbegu na nyama huwezi kuingiza. Kilichobaki kinatajwa kwenye forodha hata kama ni chupa moja ya achari, kwa kuwa wanachokitoza faini ni kuficha. Nikaenda na bizari, pilipili manga, iliki na ile achari. Ofisa alifungua, akanusa, akacheka, akanifungia.

Fedha ya mkononi ni jambo ambalo watu wanaona aibu kulisema. Posho inalipwa kila mwezi, ila inahitaji uwe umefungua akaunti, na akaunti inahitaji uwe umefika, na chumba kinataka malipo ya mbele kabla ya yote hayo. Bila dola mia kadhaa za kwako utakopa kwa mtu usiyemjua. Mimi zilitoka kwenye mchezo wa upatu wa akina mama wa mtaani, ambao walimpa mama zamu yake mapema. Kwa hiyo nilipoanza kulipwa, wa kwanza kulipwa na mimi alikuwa kijumbe, yule mkusanyaji wa fedha za mchezo, na ndugu wengine nikawaambia mapema kabisa, kabla sijapanda ndege, kwamba posho hii ni ya mwalimu anayejifunza, inatosha chumba na chakula. Si wote walioniamini. Binamu mmoja alitaka simu, na jina la simu yenyewe analijua mpaka rangi.

Mama hakutaka chochote isipokuwa kwamba nimpigie kila Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajatoka kwenda sokoni. Nilimwonyesha kwenye karatasi kwamba saa hiyo, mimi nitakuwa bado niko Alhamisi, saa tano za usiku. Akaitazama karatasi, akasema mambo ya Alhamisi nitayajua mwenyewe, yeye anachojua ni Ijumaa. Mwezi wa Novemba kule hurudisha saa nyuma kwa saa moja, hivyo tofauti yetu iliongezeka kutoka saa saba kuwa nane, nami nikawa nampigia saa nne za usiku badala ya saa tano. Kwa upande wake simu iliendelea kulia saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida, na mpaka narudi hakuwahi kujua kwamba kuna kitu kilisogezwa.